Meza ya saladi: watu huiga miguu, husahau kitako

Ukimwonyesha fundi picha ya bustani ya mezani, jicho lake huenda kwenye miguu. Si ajabu, maana kimo cha kiuno ndicho kinachowavutia wazee wenye migongo mibovu na wapangaji wa ghorofani wasio na hata kipande cha ardhi. Basi fundi hutengeneza sanduku lenye kina kirefu, hulitoboa matundu machache chini, hulijaza udongo wa shambani na kuliinua. Msimu haujaisha, miguu imepinda, udongo umeshikana kama tofali, na mwenye bustani anaapa kwamba mboga haziwezi kustawi juu ya meza.

Muundo uliofanikiwa haukuwa hivyo. Ninaouzungumzia umesambazwa tangu miaka ya 2000 na huduma ya ugani ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, kupitia mtaalamu wake Jon Traunfeld. Ni fremu ya mbao za mbili kwa nne zilizosimamishwa kwa ubavu, urefu kama sentimita 147 na upana 84. Mbao hiyo ikisharandwa hubaki na inchi tatu na nusu, yaani sentimita 9, na hicho ndicho kina chote cha bustani. Chini hakuna ubao. Kuna wavu wa dirishani, kama huu tunaozuilia mbu, na chini yake wavu mgumu wa chuma wa kubeba uzito.

Sentimita 9 zinaonekana kama utani mpaka upige hesabu. Kwa vipimo hivyo meza inabeba lita 110 hivi, na mchanganyiko mwepesi ukilowa utakuwa na uzito wa kilo mia moja au pungufu kidogo. Ongeza kina kiwe sentimita 40 na umeshaweka karibu lita 500 juu ya miguu minne. Udongo wa kawaida ukishiba maji hapo unapita nusu tani. Halafu kuna magoti. Viwango vya Marekani vya watu wenye ulemavu vinataka nafasi ya sentimita 69 hivi chini ya meza ili kiti cha magurudumu kiingie. Ongeza 9 za bustani, uso wake uko kwenye 78, mkono unafika. Ongeza 40, uso unapanda hadi 109, na aliyeketi anaishia kutazama mbao. Kwa maneno mengine, ni wembamba unaowezesha kimo hicho kiwe na maana.

Wembamba huo una gharama yake, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ishibe, kisha ilaze bapa juu ya kiganja. Maji yatachuruzika kidogo na kukoma. Sasa isimamishe wima. Yanaanza kutoka tena, ingawa hujaikamua. Udongo uliomo ndani ya chombo hufanya vilevile: kule chini kabisa hubaki tabaka lililoshiba maji ambalo uzito wa maji peke yake hauwezi kulishusha. Unene wa tabaka hilo unategemea ukubwa wa chembe za udongo, hautegemei kina cha chombo. Kwenye ndoo ndefu hulioni. Kwenye meza ya sentimita 9 iliyojazwa udongo wa mfinyanzi, tabaka hilo linaweza kuwa ndiyo bustani nzima, na mizizi ikakosa hewa huku wewe ukidhani mmea una njaa.

Wanaotandika kokoto chini ili maji yapite wanazidisha tatizo. Maji hayatoki kwenye chembe ndogo kuingia kwenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto hulipandisha tabaka lile karibu zaidi na mizizi. Wavu wenyewe hauliondoi. Kazi yake ni kuruhusu maji ya ziada yadondoke kila mahali, pasibaki pembe inayotuama, na kuingiza hewa kutoka chini. Kazi iliyobaki ni ya mchanganyiko: Maryland wanatumia nusu mboji iliyoiva na nusu mchanganyiko wa kupandia usio na udongo. Kwa pwani yetu, vumbi la makumbi ya nazi linafaa kwa nusu hiyo ya pili, ila lile la makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba lioshwe kwa maji baridi mara kadhaa, kwa sababu limebeba chumvi ya bahari.

Kwa kina hicho, maji ambayo mizizi inaweza kuyapata ni sawa na milimita 20 hivi za mvua. Siku ya jua kali Dar es Salaam, majani yaliyofunga meza yanaweza kutumia 5 au zaidi, na upepo unakausha kutoka chini pia. Mwagilia kila siku. Usiyeweza kufanya hivyo, usijenge. Maji hayo pia huosha virutubisho vikapita wavuni, kwa hiyo mboji iongezwe baada ya kila mavuno. Samadi mbichi sahau kabisa: kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya samadi mbichi na kuvuna mboga inayogusa udongo, wakati saladi changa iko tayari ndani ya wiki nne au tano, na inaliwa bila kupikwa. Mbao nazo ziwe hazijachovywa dawa ya kuhifadhi mbao iitwayo CCA, kwa kuwa ina aseniki, ambayo ni sumu.

Kinachofanya mizizi iridhike na kina kifupi hivyo ni umri wa mavuno. Mbegu hunyunyizwa kwa wingi kwenye mistari, zikafunikwa kiasi cha milimita chache tu kwa kuwa mbegu za saladi hupenda mwanga. Majani yakifika sentimita 10 hukatwa kwa mkasi, juu kidogo ya kiini cha mmea, yakachipua tena. Ukisubiri vichwa vikubwa, meza itakushinda.

Joto ndilo kikwazo kikubwa kwetu. Mbegu nyingi za saladi hugoma kuota udongo ukipita nyuzi 30, na miche iliyoota hukimbilia kutoa maua. Wapwani wapande jioni, waweke meza kivulini, au wapande mchicha na kuukata ukiwa mchanga. Lushoto na Limuru, kwenye baridi ya milimani, hawana shida hiyo. Lakini mwenye kiwanja Lushoto na mgongo mzima, meza hii ni upotevu wa mbao, apande ardhini.