Maiti Mezani, Chai Isipoe

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi kijana wa Kirushya, huku Ngara, nimemaliza mwezi mzima nikisoma hadithi za malodi wa Kiingereza wanaouana. Unazijua zilivyo. Kuna jumba kubwa, kuna bustani, kuna mtumishi mwenye glavu nyeupe. Asubuhi mtu anakutwa amekufa, na kabla chai haijapoa, binti mmoja wa ukoo bora asiye na senti mfukoni ameshaanza kupeleleza. Damu haimwagiki sana. Mwishoni muuaji anajulikana, pengine na harusi inafungwa.

Kijiweni kwetu wenzangu wanasema huo ni upuuzi mtupu, kifo si kitu cha kuchekea. Mimi nawabishia, lakini nusu tu.

Nichukue hadithi moja inayotugusa: Love and Death Among the Cheetahs ya Rhys Bowen, iliyotoka mwaka 2019. Bibi Georgiana, jamaa wa mbali wa mfalme, anakwenda Kenya mwaka 1935 kwa fungate na mumewe Darcy. Wanafikia Happy Valley, kwa wale walowezi wa kula, kunywa na kubadilishana wake. Lodi Cheriton anamtaka bibi harusi bila haya. Baadaye Lodi huyo anakutwa amekufa barabarani penye upweke. Simba huyo, wanasema wenyeji wa Kizungu. Tena wana haraka mno ya kulifunga jambo.

Hapo ndipo mwandishi amefanikiwa. Raha ya kitabu si bunduki wala simba, ni ile haraka. Watu wenye adabu, wenye vijiko vya fedha, wanaomba mtu mmoja asiulizwe. Halafu binti anauliza hivyo hivyo, na ukali wake umefunikwa na mzaha. Kwa fani, ninampa maksi nzuri. Sentensi zake ni nyepesi na sura zake fupi. Unasoma huku ugali unapoa.

Lakini kuna kisa cha kweli nyuma ya hadithi za namna hii. Tarehe 24 Januari 1941, karibu na Nairobi, Lodi Erroll alikutwa ndani ya gari lake, kapigwa risasi ya kichwa. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake alikuwa na uhusiano na marehemu, alishitakiwa. Mwezi Julai akaachiwa huru, na hakuna mwingine aliyetiwa hatiani mpaka leo. James Fox akaandika kitabu, White Mischief, mwaka 1982, na mwaka 1987 ikatoka sinema.

Sasa niulize swali dogo: nani aliiona ile maiti kwanza? Ni Waafrika wawili waliokuwa na gari la maziwa, usiku wa manane. Katika masimulizi mengi niliyosoma, wanaishia hapo. Wanasimamisha gari, wanaona, wanatoka jukwaani. Majina ya wanywaji wa shampeni tunayo yote. Hawa wawili ni “wa maziwa”, basi.

Dosari hiyo hiyo imo kwa Bowen. Waafrika wapo pembezoni, wanahudumia, wanaonyesha njia. Kila mwenye cheo anaulizwa ulikuwa wapi usiku ule. Lakini bwana, anayejua nani alirudi saa ngapi na viatu vya tope si yule anayevisafisha?

Kwa hili Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitutangulia zamani. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, nayo ina tajiri aliyekufa, ina mpelelezi mwenye kiko, ina mzaha tele. Watu wanasema kaua mzimu, kama walowezi wanavyosema kaua simba. Bwana Msa, pamoja na Najum wake, hakubali. Lakini humo watu wa shamba wanasema, wanabishana, wana ndimi zao. Kucheka hakukuwafuta.

Narudi kwa wenzangu wa kijiweni. Wanasema: sisi wa Ngara tutaandikaje mauaji ya kuchekesha? Hoja hiyo ni nzito. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipokuwa yakiendelea, mto Kagera ulipita mpakani kwetu umebeba maiti. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya siku moja hivi, wakimbizi wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Maiti zikafika Ziwa Victoria, na nyingine zikazikwa Kasensero, Uganda, bila mtu kujua majina yao.

Hapo sicheki. Ila ndiyo sababu hasa sizitupi hadithi hizi. Chini ya chai na mzaha wake, hadithi ya upelelezi ina sheria moja: mtu mmoja akiuawa, nyumba nzima isimame, kila mtu aulizwe, na marehemu aitwe kwa jina lake mpaka ukurasa wa mwisho. Kosa la malodi ni kuifanya sheria hiyo mali yao peke yao. Sheria yenyewe haina kosa, na anayeihitaji zaidi ni yule aliyepita mtoni bila jina.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi chipukizi, usiige bustani wala glavu. Chukua ile sheria uilete stendi ya Biharamulo, uilete kwenye lori la ndizi. Muue mtu mmoja tu, umpe jina na mama na deni la dukani. Mzaha uweke, watu wetu hutaniana hata msibani. Na swali la kwanza usimpelekee mheshimiwa. Kawaulize wale wa gari la maziwa.