Beji ya Keya: Anza na Mgongo Wake

Mchuuzi akisema kwamba beji ya Keya, yaani askari wa Waingereza wa King's African Rifles, aliyoishika imefukuliwa shambani Gikundamvura, wilayani Rusizi, mkusanyaji makini haanzi na bei. Anauliza ilifikaje huko. Kona hiyo ya kusini-magharibi mwa Rwanda, jirani na Congo na Burundi, ilikuwa chini ya Wajerumani Vita vya Kwanza vilipoanza, na waliowang'oa mwaka 1916 hawakuwa Waingereza. Lilikuwa jeshi la Congo ya Wabelgiji, Force Publique, likiongozwa na Charles Tombeur. Kigali ikaanguka tarehe 6 Mei mwaka huo. Udongo wa Rusizi ungetarajiwa kutoa tai wa Kijerumani kutoka kwenye tarbushi ya askari wa Schutztruppe, au kifungo cha Kibelgiji. Pembe ya baragumu ya King's African Rifles ni mgeni hapo.

Mgeni, lakini si lazima awe mwongo. Mwaka 1941 Force Publique ilipigana Ethiopia, ambako Keya nao walikuwa vitani, na mwezi Julai Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri kwa Wabelgiji huko Saio. Askari wa majeshi rafiki wamezoea kubadilishana sigara, mikanda na beji, na mzee wa Bukavu au Cyangugu angeweza kurudi nyumbani na moja mfukoni. Hadithi hiyo inawezekana. Ila hadithi haitoshi. Lazima beji yenyewe iiunge mkono.

Basi beji igeuzwe. Uso ndio kila mwigaji anaojitahidi kuupata sawasawa. Mgongo huachwa hovyo. Beji ya kawaida ya askari wa Mwingereza ilitengenezwa kwa bamba jembamba la shaba ya manjano, au la madini meupe ya nikeli, lililopigwa kwa mashine kati ya mihuri miwili ya chuma. Kwa hiyo kilichoinuka mbele kinabonyea nyuma, na mtu anaweza kuisoma picha hiyohiyo kinyumenyume. Bandia ya bei rahisi husubiwa: shaba huyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Mgongo wake hutoka bapa au wenye vijitundu kama ganda la chungwa, uzito unazidi, na maandishi madogo yanavimba kingo. Tena shaba hunywea ikipoa, hivyo nakala iliyotolewa kwenye kalibu ya beji halisi huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Rula ya fundi sonara huinasa tofauti hiyo mara moja.

Kigumu zaidi ni beji zilizopigwa upya miaka mingi baada ya vita kwa mihuri ileile ya zamani. Hapo uso hauna kasoro. Jicho lishuke kwenye kishikio: ulimi mrefu wa bamba unaochomekwa kwenye kofia, au vipete viwili vinavyopitishiwa pini. Kwenye nyingi za marudio ulimi ni mnyoofu mno, pembe zake kali, na lehemu imemwagwa kwa wingi, bado inang'aa. Kofia iliyovaliwa miaka mitatu huikwaruza shaba pale inapogusana na kitambaa. Ulimi usio na mkwaruzo hata mmoja una maelezo ya kutoa. Wala jina la mtengenezaji lisimlevye mnunuzi. J.R. Gaunt wa Birmingham na Firmin wa London walikuwa watengenezaji wa kweli, lakini muhuri wa jina la Gaunt ni kitu chepesi mno kuigiza.

Vita navyo viliacha alama zake. Mwaka 1916, nikeli ilipoadimika, vikosi kadhaa vya Uingereza vilivyokuwa na beji za madini mawili vilianza kupewa za shaba tupu. Katika Vita vya Pili uchumi ulibana zaidi, zikatoka beji za plastiki, za kahawia au za rangi ya fedha, nyingi zikiwa na jina la A. Stanley & Sons wa Walsall mgongoni. Mkusanyaji mchanga huzipita akidhani ni vitu vya kuchezea watoto. Hilo ni kosa la gharama, kwa sababu chache sana kati ya beji zote zinatangaza vita waziwazi kiasi hicho.

Kwenye beji zenye taji, umbo lake hutoa tarehe. Taji la wafalme wa 1901 hadi 1952 lina matao yaliyopinda kwa upole kuelekea juu. La Malkia Elizabeth wa Pili limebonyea katikati. Beji ya "Burma 1944" yenye taji la Malkia inaweza kurudishwa mezani bila mjadala. Siku hizi kuna mtego wa pili: tangu 2022 Mfalme Charles amechagua taji linalofanana na lile la zamani, hivyo taji pekee haliwezi tena kumaliza kesi.

Kuna jambo linaloivuruga kanuni ya kusubu. Vitani, mafundi wa masoko ya Cairo na ya India walisubu beji kwa ajili ya askari waliopoteza zao au waliotaka nzuri zaidi. Keya walifika India. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Beji ya aina hiyo ni halali ya vita ingawa imemiminwa. Lakini kwa macho tu haitofautiki na feki ya jana, na mwenye busara huilipia bei ya feki mpaka karatasi zionekane.

Karatasi hizo ni cheti cha kuachishwa jeshi au picha ya studio ambamo kofia inaonekana. Medali husaidia kwa kiasi. Zile za Vita vya Kwanza walizopewa Keya zilipigwa jina na namba ya askari, kwa hiyo zinaweza kuthibitishwa. Nyota ya Burma ilitolewa na Uingereza bila jina, na jina likionekana juu yake, kuna aliyelichonga baadaye: pengine mwenyewe kwa fahari yake, pengine mchuuzi wa juzi.