Kila Kiraka Kina Kwao

Mwezi wa sita Newala huwa na baridi ambayo wageni kutoka pwani hawaitarajii. Upepo hupanda kutoka bonde la Ruvuma, huibukia ukingoni pale panapoitwa Shimo la Mungu, na ukungu hulala juu ya mikorosho mpaka jua lichomoze sawasawa. Asubuhi za namna hiyo nilizipitisha utotoni chini ya shuka zito la viraka ambalo bibi yangu, mzaa mama, alilishona kwa mkono. Pale nilipozoea kuegesha kidevu palikuwa na kipande cha kanga nyekundu chenye herufi nne: SUBI. Zilizofuata zilikuwa zimekatwa. Nilipoingia darasa la kwanza na kuanza kuunganisha silabi, nilimwuliza Bibi subi ni kitu gani.

"Neno limekatwa, mjukuu wangu," alinijibu. "Lililobaki liko kwa wenyewe."

Nilidhani ananifumbia kama wazee wanavyofumba. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananieleza jambo lilivyo.

Kamusi zetu zina neno mfarishi, kwa tandiko lililoshonwa na kutiwa pamba. Nyumbani tuliliita shuka la viraka, basi. Na neno kiraka limeonewa. Mtu akitaka kusema kazi ni ya kubahatisha, husema imetiwa viraka. Akitaka kumdharau mwenzake, humtazama viraka vya nguo yake. Ninaandika insha hii kulisafisha neno hilo, maana nimeona kwa macho yangu kiraka kinavyochaguliwa, na sijaona kazi ya mkono inayodai fikra nyingi kuliko hiyo.

Bibi alianza kwa kuchambua. Kila nguo iliyochakaa aliinyanyua kuelekea mlangoni, penye mwanga, akaitazama kwa upande wa ndani. Palipopitisha nuru kama chujio alipaacha. Palipokuwa bado na nguvu alipakata. Hakuwa na futi. Alipima kwa shubiri, na kona alizinyoosha kwa kuzikunja na kuzipitishia ukucha wa kidole gumba. Kisha alitandika mkeka uani, akavipanga vipande juu yake, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Aliuzunguka mkeka ameinama, akahamisha kimoja, akarudi nyuma, akatazama. Aliviacha akaenda kutwanga, akarudi akahamisha viwili. "Hivi havisikilizani," aliweza kusema juu ya vipande ambavyo kwangu vilipendeza kabisa. Mpango ulichukua siku tatu, wakati mwingine nne, na jioni vyote vilikusanywa kwa mfuatano wake ili kesho vitandazwe vilevile.

Aliporidhika, alivipiga bandi kwa uzi mrefu ili visihame, ndipo akashona. Uzi aliupitisha kwanza kwenye kipande cha mshumaa usijisokote. Juu vilikaa viraka, katikati kanga kuukuu au blanketi lililokwisha kazi, chini marekani. Mkono wa kulia ulishika sindano; wa kushoto ulikaa chini ya nguo, na kidole cha shahada kilingoja ncha ya sindano itokeze ndipo kiirudishe juu. Ncha ya kidole hicho ilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na ilijaa vidoa vidogo vyeusi. Mishono ilikwenda safu kwa safu, kama matuta ya shamba, ikizishika nguo tatu ziwe moja.

Lakini uzuri wa shuka lile haukukaa kwenye mishono pekee. Kila kiraka kilikuwa na kwao. Kipande cha kaki kilitoka kwenye shati la kazi la mjomba, na kiliwekwa karibu na kichwa. Kwetu ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada zake. Kipande cha kitenge cha manjano kilikuwa cha siku mama yangu alipotolewa unyagoni, mwali aliyepakwa mafuta na kuvikwa nguo mpya, watu wakimshangilia. Kitambaa cha buluu kilikuwa sare ya shule ya kaka. Palikuwa pia na kipande chenye maua makubwa, tofauti na nguo zetu za dukani, ambacho Bibi alikiita kapulana. Hilo ndilo jina la ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu wengi walivuka mto kuja upande wetu, na kipande hicho alikiacha mwanamke wa ukoo wetu aliyefika na mtoto mgongoni na kufikia nyumbani kwa Bibi.

Kiraka nilichokipenda zaidi kilikuwa na doa. Anayejua korosho anajua maji ya bibo yanavyofanya nguo: yakikauka huacha rangi ya kahawia ambayo sabuni haiiwezi. Kwa hiyo wanawake huenda kuokota korosho wakiwa wamejifunga kanga za zamani. Bibi alikuwa na kanga ya namna hiyo, na alipoikata hakulikwepa doa. Alikata palepale, doa likakaa katikati ya kiraka kama ua. Lilikuwa doa la msimu mmoja ambao mikorosho ilizaa vizuri, akaweza kununua mabati ya nyumba. Mwingine angenunua picha atundike ukutani. Yeye alikuwa na bibo lake.

Watu huuliza mafundi wa namna hii wanapata wapi mawazo yao. Sehemu ya jibu iko kwenye ardhi yenyewe ya Umakonde. Wafinyanzi wetu hawatumii gurudumu. Mwanamke huinama akauzunguka mtungi wake, kama Bibi alivyouzunguka mkeka. Ukikamilika, huuchora kwa mistari na pembetatu. Pembetatu hizohizo zilichanjwa kwenye nyuso na migongo ya wazee wetu, zikawa chale za kumtambulisha mtu, na zimechongwa kwenye nyuso za vinyago vya mapiko. Bibi alizibeba usoni. Sikumsikia hata siku moja akisema ameziiga, lakini kila alipokata kitambaa kwa mshazari, pembetatu ilitoka. Mkono ulikuwa unakumbuka kilichoandikwa mwilini.

Na kabla ya pamba kulikuwa na gome. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti, aliwakuta watu bado wanajua kubandua gome la mti na kulipondaponda mpaka liwe nguo, ingawa ufundi huo ulikuwa umeanza kuondoka. Pamba ya madukani ilikuwa imeshinda. Marekani ile aliyoiweka Bibi chini ya shuka lake ilibeba jina la nchi ilikotoka kwanza kwa meli, na katika misafara ya bara ilitumika kama fedha: kwa mikono ya nguo mtu alinunua chakula, pembe za ndovu, na hata binadamu mwenzake. Nchi yetu ilikuwa kwenye njia kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekifanyia Kiswahili kazi kubwa ya sarufi na tafsiri, alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wakielekea makwao upande wa Nyasa, wakaishia Masasi na kujenga hapo. Miaka 6 baadaye mji huo ulivamiwa na Wangoni, na kituo cha misheni kikahamishiwa Newala. Wayao, Wamakua, Wamwera, Wamakonde na waliokombolewa wasiojua tena kwao ni wapi walikaa jirani, wakaoana. Sishangai kwamba watu waliopitia hayo waliijua thamani ya mshono.

Hata kanga, ambayo wengi tunaiona nguo kamili tangu mwanzo, inasimuliwa kuwa ilizaliwa hivyohivyo. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za kufutia uso, zilizokuja zikiwa hazijakatwa moja moja. Badala ya kuzitenga, walichukua vipande vya leso tatutatu, wakaviunga kuwa nguo moja ya leso sita. Wenye maduka walipoona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji. Jina la kanga likaja baadaye. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo huiita leso. Kwa hiyo Bibi alipoichukua kanga kuukuu akaikata vipande na kuviunga upya, aliirudisha kwenye asili yake.

Mkono huo wa kuunga viraka umevuka bahari pia. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Goa na Wareno, wengine wao wakitoka pwani yetu na ya Msumbiji. Wanawake wao hushona kwa mkono shuka la viraka liitwalo kawandi, kutokana na sari na nguo zilizochakaa. Huanzia pembeni, wakazunguka kuelekea ndani mpaka wakakutana katikati, na kwenye kona huweka viraka vidogo vilivyokunjwa, waviitavyo maua. Shuka lisilo na maua hayo halijavikwa. Na huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akachukua nguo zake za kazi, akazishona shuka la kujifunika. Mwaka 2002 mashuka ya kijiji hicho yalitundikwa kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York, na wajuzi wakasimama mbele yake kama wanavyosimama mbele ya michoro ya mabingwa. Sijui mafundi wengi waliofanya kazi kubwa kuliko ya mjane yule. Alichokishona ni mtu.

Siku hizi blanketi jipya linapatikana sokoni Masasi kwa bei ya kuridhisha, laini, lina picha ya simba au ya maua waridi. Silikatai; baridi haichagui. Lakini blanketi lile halijui amelala nani. Chini ya meza za mafundi cherehani, mabaki ya vitenge yanajaa viroba, kisha yanachomwa moto. Nikipita huona humo sherehe za mji mzima: sare za harusi, za kipaimara, za maulidi, za vikundi vya akina mama. Yote hayo yangeweza kumfunika mtoto mmoja na kumwambia yeye ni wa nani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguo iliyoshonwa kwa siku zako mwenyewe husitiri mpaka moyo. Ukiwa na mama au bibi ambaye bado anaona tundu la sindano, mpelekee mabaki, ukae naye mkekani, umwulize kila kipande ni cha nani. Majibu yake usiyaandike tu, yashone.

Bibi alifariki miaka mingi iliyopita. Maji kwetu uwandani ni ya shida, zamani wanawake waliyafuata bondeni, kwa hiyo shuka lake halikufuliwa mara nyingi, na labda ndiyo sababu limedumu. Mwaka jana nilikwenda Masasi kumjulia hali mama mdogo, nikalala kwake. Kulipokucha nilijikuta chini ya shuka la viraka lenye mishono niliyoijua kabla sijaitazama vizuri. Kwenye pindo palikuwa na ukanda wa kanga nyekundu, wekundu uleule, na herufi sita: RA YAVU.

Nilimwita mama mdogo, nikamwonyesha. Alikaa kitandani, akaupapasa ukanda ule taratibu. Ilikuwa kanga moja, alisema, ambayo babu alimnunulia Bibi kwa korosho zake za kwanza. Bibi alikuwa na mabinti watatu; aliikata mara tatu, na hakumpa hata mmoja wao neno zima.

Mama mkubwa yuko Tandahimba. Mwezi wa sita ukifika, baridi ikianza kupanda kutoka Ruvuma, nitakwenda kumwamkia, na nitaomba kulala.