Maji ya Korogwe, Maji ya Handeni

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilichapwa mwaka 1969, na wengi wetu tulikutana nayo darasani. Huko tulizoea Kinjeketile wa aina moja: mwanamume mwenye sauti nzito, mkono juu, shujaa kabla hata hajatenda lolote. Mwaka jana nililiona kundi la wanachuo likiicheza mara mbili, kwanza Korogwe, kisha Handeni, na nafasi hiyo akapewa msichana. Jina lake simtajii kwa kuwa bado ni mwanafunzi, lakini kazi yake inastahili kujadiliwa kama kazi ya msanii yeyote.

Hakujaribu kuiga sauti ya kiume. Kinjeketile wake alipotoka Mto Rufiji, watu wakamshangilia, yeye hakushangilia. Aliwatazama kama mtu aliyeamshwa usingizini na kukuta ukumbi umejaa wageni. Baadaye anapoambiwa kwamba, akiwa amepandwa na pepo, alitamka kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, wengi huigiza hasira. Huyu aliketi chini taratibu, akajifuta mdomo. Nikaelewa kwa mara ya kwanza hofu iliyomo katika onyesho lile: mtu ameahidi uhuru, kumbe katika ahadi hiyohiyo amemtaja bwana mwingine.

Korogwe, kilichowagusa watazamaji kilikuwa shamba la pamba la Bwana Kinoo. Wengi ukumbini ni wajukuu wa manamba, waliokuja kukata mkonge kutoka mikoa ya mbali. Msimamizi alipoinua kiboko, mzee aliyekaa nyuma yangu akasema, "Hayo ni ya mkonge hayo." Maji yenyewe hayakumshtua mtu. Msichana aliyanyunyiza kwa wingi, matone yakawafikia waliokaa mbele, wakacheka.

Handeni mambo yakawa mengine. Wilaya ile ina ukame, na mabomba ya mradi wa HTM huyachota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi huko. Pale neno maji halihitaji maelezo ya mwalimu. Kila mgombea amewahi kulisema jukwaani. Msichana alilijua hilo. Alichovya ncha za vidole tu, akampaka kila mpiganaji kwenye paji la uso, na hakuna tone lililoanguka sakafuni. Ukumbi ukanyamaza. Hapo ndipo tamthilia ya vita vya 1905 hadi 1907 ikawa habari ya leo: watu wenye kiu wakipokea ahadi kwa mtu wanayempenda.

Nina lawama moja, nayo ni ya mwongozaji. Kitunda aliigizwa kama mwoga, na ngoma ikapigwa juu ya maneno yake. Kitunda si mwoga. Ndiye anayewafundisha watu vita, na ndiye anayejua ni wangapi wamekufa. Gerezani, Kinjeketile anapokataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa mbele ya mtu huyo. Kitunda akiwa dhaifu, kukataa kule kunakuwa rahisi mno, na sisi tunapiga makofi bila kufikiri.

Korogwe tulipiga makofi hivyohivyo. Msichana aliwaambia askari wa Kijerumani maneno yake ya mwisho kwa kiburi kizuri. Handeni alisubiri ngoma inyamaze, akamtazama Kitunda kwa muda mrefu, kisha akatugeukia sisi. Hoja ni ileile ya mwandishi: akikiri, kesho watoto wataambiwa kwamba waliopigana walikosea. Lakini safari hii aliisema kama mtu anayewakumbuka waliokufa kwa kuyaamini maji. Hakujisafisha. Alikataa kukiri, na bado akabaki na deni lao.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, na vita vikaendelea bila yeye. Shujaa huyo tunamjua. Msichana huyu alituonyesha mtu ambaye ahadi yake imemzidi nguvu, na mimi namwamini zaidi huyo. Kundi likisafiri tena, naomba Kitunda apewe mwigizaji wa kiwango chake.