Mgongo wa Kiganja

Mzee alimimina maji kwenye birika la umeme, akabonyeza swichi, kisha badala ya kusubiri chai akapiga magoti, akafunua uvungu wa kitanda na kuanza kupapasa nyaya. Hakutumia ncha za vidole. Alitumia mgongo wa kiganja, polepole, kiungo kwa kiungo, kama mama anayepima homa ya mtoto aliyelala. Kwenye kiungo cha tatu mkono ukasimama.

"Hapa," alisema. "Mwanangu, hapa kuna homa."

Ilikuwa uani kwetu Phoenix, jimbo la Arizona, mwezi wa Desemba. Trela letu ni lile la kukokotwa na pikapu, lenye kitanda, jiko la gesi, friji na bafu la kutosha mtu mmoja kusimama. Wiki mbili kabla tulilipeleka karakana moja ili betri mbili za risasi ziondolewe, ziwekwe za lithiamu, tupate kukaa nyikani siku nyingi bila kutafuta umeme wa gridi wala kuwasumbua majirani kwa jenereta. Tulilipa, tukashukuru, tukaondoka. Usiku wa pili inveta ikazima yenyewe, na chumba kikanuka plastiki inayoungua. Tulifunga safari ya kurudi gizani, watoto wakiuliza kuna nini, nami sina jibu. Kulipokucha nikampigia Mzee.

Mzee alitumia ujana wake Moshi, akichaji betri na kufunga dainamo za mabasi. Hapa Marekani amefanya kazi nyingine kabisa mpaka akastaafu, lakini sanduku lake la vifaa halijawahi kufungwa. Nilipomwamkia shikamoo mlangoni aliitikia marahaba huku macho yake yameshatangulia kwenye trela.

Ile homa aliyoigusa ina hesabu yake, naye alinifanyia pale pale kwenye kipande cha boksi. Birika la wati 1,500 likichomekwa ukutani kwenye nyumba ya Tanzania, yenye volti 230, linavuta ampea sita na kitu. Birika hilo hilo likilishwa na betri ya volti 12 kupitia inveta, waya wa betri unabeba ampea 130 hivi. Joto la kwenye kiungo hukua kwa mraba wa ampea. Kwa hiyo kiungo kibovu chenye ukinzani wa sehemu moja ya elfu ya omu, ukinzani ambao mita ya kawaida ya fundi haiwezi hata kuuona, kinatoa joto la wati 17 mahali padogo kama ncha ya kidole gumba. Mita haioni, mkono unaona. Tangu siku hiyo sijaudharau umeme mdogo wa betri, ule tuliozoea kusema hauui.

Akaanza kufungua. Chini ya lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya, kati yake na nguzo ya betri, palikuwa na washa ya chuma. Lagi inatakiwa ilale moja kwa moja juu ya nguzo, shaba ikibusu nguzo, na washa ije juu yake kubana tu. Chuma cha pua ni njia mbovu ya umeme, na mtu aliyeiweka hapo chini alifanya ampea zote 130 zipite kwenye kichochoro. Lagi yenyewe ilikuwa imebanwa kwa nyundo. Mzee aliivuta kwa mkono, ikatoka na waya wake kama jino la maziwa.

Hayo yote aliyapokea kimya. Kilichomkasirisha alikikuta mbele, kwenye ulimi wa trela, pale linaposhikana na pikapu. Kuna swichi ndogo pale yenye kebo nyembamba inayofungwa kwenye gari. Trela likichomoka barabarani, kebo hiyo inang'oa kipini, na betri ya trela inazikaza breki za trela lenyewe, lisimame kabla halijamfikia mwenye gari linalokuja. Swichi hiyo lazima iunganishwe na betri muda wote, bila kizima umeme chochote katikati. Zamani betri zilikaa palepale kwenye ulimi, nje, kwa sababu betri ya risasi inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka. Hizi mpya hazitoi hewa hiyo, zikahamishiwa ndani. Waya wa breki haukuhama nazo. Ulikuwa umekatwa na kuvingirishwa utepe mweusi.

Tulikuwa tumeendesha hivyo kilomita mia nne, kwenda na kurudi, kwenye barabara kuu.

Mzee aliushika ule utepe muda mrefu. "Huyu alijua," alisema. "Aliyefunga utepe alijua waya upo." Kisha akavua koti, na waya huo ukawa wa kwanza kutengenezwa kabla ya kingine chochote.

Kazi ya kufunga betri inaonekana rahisi kwa sababu betri inanunuliwa imekamilika. Mtu anaona nguzo mbili, nati mbili, anasema nani atashindwa. Na kweli betri yenyewe ni kitu cha kushangaza. Kijijini kwetu, kabla nguzo za umeme hazijafika, televisheni ya jirani iliendeshwa na betri ya gari ya N70 iliyofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli na kupelekwa mjini kuchajiwa. Siku ya fainali tulijua betri inakufa kwa kutazama picha: inasinyaa pembeni, wachezaji wanakuwa wafupi, kisha giza, na mayowe uani. Shati la kijana aliyebeba betri lilikuwa na matundu ya asidi kiunoni. Betri ile, ambayo mzizi wake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haipendi kukamuliwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, sahani zake za risasi zinaota ukoko mgumu na uhai wake unakatika. Kwa hiyo mtu alibeba betri nzima ili atumie nusu yake.

Ya lithiamu tuliyonayo, ile ya chuma na fosfati, ina kilo 12 hivi, na karibu chaji yote inatumika. Madini yake yalielezwa mwaka 1997 na John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Goodenough alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, pamoja na wenzake wawili, kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Alikuwa na miaka 97. Ninapenda sana kwamba mtu aliyetuondolea uzito mgongoni alikuwa mzee kiasi hicho na bado akienda maabara.

Lakini betri hii inamtaka fundi ajifunze upya. N70 ilisema ukweli kwa volti: ikijaa 12.7, ikifika nusu 12.1 au karibu na hapo, na fundi mwenye mita alijua hali yake kama anavyojua saa. Lithiamu ya chuma inakaa volti 13 na kidogo karibu safari nzima, halafu mwishoni inaanguka ghafla. Ndiyo maana Mzee alifunga shanti, kipande cha metali chenye ukinzani unaojulikana barabara, ambacho kila ampea inayoingia au kutoka lazima ipite juu yake ihesabiwe, kama karani wa ghala mlangoni. Waya mmoja wa hasi ukipenya kwa mlango wa nyuma, daftari lote linakuwa la uongo. Alikagua nyaya za hasi mara tatu. Mara ya tatu akaupata mmoja, wa kigunduzi cha gesi, mwembamba kama uzi.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kubana lagi. Alikata kebo mpya, nene kama kidole cha shahada, akavua ganda lake urefu uleule wa shingo ya lagi, bila nyongeza wala pungufu. Nyuzi za shaba zilikuwa za rangi ya waridi. Angezikuta na weusi wowote, alisema, angezikata arudie. Akazitia, akaweka shingo kwenye kibanio cha mafuta, akapampu mkono mara sita mpaka taya zikakutana. Nikadhani imekwisha. Akachukua msumeno wa chuma akaikata lagi ile ile katikati, akaisugua kwa msasa, akanipa kioo cha kukuzia.

Sikuona nyuzi tena. Niliona sega la nyuki: kila uzi umebanwa na wenzake mpaka ukapata pande sita, na kati yao hakuna nafasi, hakuna hata kitone cheusi cha hewa. Alipoteza lagi moja nzuri ili ajue kwamba zile kumi na moja zitakazofuata, ambazo hakuna atakayezikata wala kuziona, ziko hivyo ndani.

Mengine niyapitie haraka. Chaja ya zamani ya trela, iliyoishia volti 13.6, ilibadilishwa kwa inayofika 14.4, maana ile isingeijaza lithiamu sawasawa. Kati ya pikapu na trela aliweka chaja ya kati, ili betri hizi zenye kiu zisiikamue oltaneta mpaka ikaungua. Fyuzi kuu ilikaa karibu na nguzo ya chanya, haizidi shubiri, nayo ni ya aina inayoweza kukata shoti ya ampea 20,000. Fyuzi nyepesi inaweza kuyeyuka na moto ukaendelea kuruka juu ya pengo. Betri mbili alizifunga kwa mshazari, chanya ikitoka kwenye ya kwanza na hasi ikitoka kwenye ya pili, ili zivute sawa kama maksai kwenye nira moja. Kila nati aliikaza kwa spana ya kupimia mkazo, halafu akaichora mstari wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati na lagi, ili ikilegea hata kidogo mstari ukatike na jicho lione.

Januari tulikwenda naye Quartzsite, karibu na mpaka wa California, ambako maelfu ya matrela hupiga kambi majira ya baridi kwenye ardhi ya umma, bila bomba wala soketi. Kuna kaburi pale la Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa mwaka 1856 jeshi la Marekani lilipojaribu kuvuka jangwa hili kwa ngamia. Wenyeji walishindwa na jina lake, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo lilivyobaki. Alifariki mwaka 1902; juu yake wamejenga piramidi ya mawe na kilele chake ni ngamia wa shaba. Mzee aliinua mikono akasoma Fatiha. Tukirudi kwenye trela alisema mtu wa misafara hupima mzigo kabla ya kuondoka, maana jangwani hakuna wa kumkopa. Jioni ile tulikaa na daftari: friji ampea-saa 60 kwa siku, feni ya hita 35, birika 10 kila linapochemka, taa na pampu ya maji kidogo tu. Watoto walijifunza kuisoma kauli ya shanti kama wengine wanavyosoma saa ya ukutani, na usiku wa tano, kwa msaada wa paneli za jua za kwenye paa, tulikuwa bado na zaidi ya nusu.

Februari tulipanda Flagstaff bila yeye. Mji uko juu, mita 2,100, na asubuhi ya kwanza kulikuwa nyuzi tisa chini ya sifuri, theluji imezunguka magurudumu. Lithiamu ikiwa chini ya sifuri haipaswi kuchajiwa: madini yanajipaka juu badala ya kuingia ndani, na madhara hayo hayarudi nyuma. Betri za ulimini zingekuwa zimeganda. Zetu zilikuwa uvunguni, nyuzi 11, na jua lilipogusa paneli kwenye paa nikaona ampea nne zikianza kuingia.

Nikachemsha maji. Wote walikuwa wamelala. Nilifunua uvungu, nikapiga magoti, nikapitisha mgongo wa kiganja kiungo kwa kiungo, na kwenye cha tatu nikaacha mkono ukae mpaka birika likazima. Kilikuwa baridi kama kijiko.