Mshale, Taa na Ngoma ya Walokele

Mita ya mikseri haipimi ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia; hupima nguvu ya umeme unaopita ndani ya mtambo. Kwa sababu hiyo kuisoma ni ufundi. Mjini Kisangani, mikseri moja inaweza kupokea kwaya asubuhi na jioni ikampokea mtangazaji anayetoka kwenye Kiswahili na kuingia kwenye Kilingala, na fundi asiyejua mita yake inaficha nini huumbuka mapema.

Mita ya mshale, yaani VU, ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 na Bell Labs pamoja na redio za CBS na NBC. Mshale wake ni mzito kwa makusudi: huchukua takribani milisekunde 300 kuifikia sauti. Kwa usemi uzito huo ni neema, maana mshale huyafuata maneno karibu sawa na sikio. Fundi huuacha uguse sifuri pale msemaji anapokaza sauti, bila kulala kwenye wekundu. Sifuri hiyo si kikomo; juu yake mtambo mzuri wa analogi bado una nafasi ya desibeli kadhaa.

Mbele ya ngoma, mshale hudanganya. Kwenye kingo za Mto Kongo, chini ya Kisangani, Walokele walipashana habari kwa ngoma ya gogo yenye toni mbili, ya juu na ya chini, nayo John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949. Mpigo wa kijiti kwenye gogo hufika kileleni kwa muda mfupi mno, kisha hushuka kabla mshale haujainuka nusu ya njia. Anayeuamini mshale peke yake huongeza gaini, yaani ukuzaji wa sauti inapoingia, na sauti ikatoka na mkwaruzo wakati mita ingali imetulia.

Hapo ndipo mita za vilele zinapohitajika. Ile iliyotumiwa na BBC tangu miaka ya 1930 hupanda upesi na kushuka polepole, ili jicho liwahi kuona. Ngazi za taa za kijani, njano na nyekundu kwenye mikseri ndogo hufanya kazi inayofanana. Katika mitambo ya dijitali sifuri ndiyo dari kweli, na kila namba iliyo chini yake ni hasi, na kinachovuka hukatwa. Kwa hiyo mafundi wengi huuweka wastani wa usemi karibu na desibeli hasi 18 au 20, vilele vikapata pa kupumulia.

Mpangilio wa kazi haukwepeki: gaini ya mlango kwanza, kisha fada, yaani kitelezi cha sauti, mwisho fada kuu. Sauti iliyokatika mlangoni haiponi kwa kushusha fada. Mita ya mwisho itaonyesha kijani safi huku mkwaruzo ukiendelea kusikika. Kimya nacho husomwa. Maikrofoni zikiwa wazi na hakuna anayesema, taa mbili za chini zikabaki zimewaka, huenda ni mvumo wa hertz 50 unaoingia kutoka kwenye waya mbovu, umeme uwe wa bwawa la Tshopo au wa jenereta.

Mkwaruzo nao si kosa siku zote. Bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa ilijijengea jina juu ya likembe, ala za vibao vinavyopigwa kwa vidole gumba, zilizopitishwa kwenye vikuza sauti hadi zikakoroma, na anayewarekodi hana sababu ya kuwasafisha. Kazi yake ni kuhakikisha mkoromo unatoka kwenye vikuza sauti vyao, mikseri yake isiongeze wa pili.

Linabaki suala la rumba kufuata taarifa ya habari. Vilele vinaweza kulingana kabisa, bado wimbo ukamrukia msikilizaji, kwa kuwa muziki uliobanwa umejaa kuliko usemi wenye mapengo. Mita za LUFS, ambazo kwa kipimo chake redio na televisheni za Ulaya ziliwekewa kiwango cha hasi 23 mwaka 2010, hupima ujazo huo. Asiye nazo huushusha wimbo desibeli chache, akafumba macho na kusikiliza.