Sindano ya Ndani ya Ngozi

Siku ya kliniki huko Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, mtazame muuguzi anapompa mtoto mchanga BCG, chanjo ya kifua kikuu. Humwomba mama aushike mkono wa mtoto barabara, kisha huivuta ngozi taratibu na kuilaza sindano karibu sambamba nayo, tundu likielekea juu. Ncha yapaswa kuingia ndani ya ngozi, isipite chini yake. Dawa ni mililita 0.05 tu. Ikikaa sawasawa, huinuka kiuvimbe cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, sindano imezama mno.

Dawa hiyo ina bakteria hai. Mwaka 1908, mjini Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo. Kila baada ya wiki chache waliwahamishia kwenye viazi vipya. Vita Kuu ya Kwanza ikawakuta kazini, Wajerumani wakauteka mji, nao hawakuacha. Walirudia mara 230, kwa miaka 13, hadi wakampata bakteria asiye na nguvu ya kuleta ugonjwa, lakini anayeweza kuamsha kinga.

Bakteria huyo akaja kuwafaa wenye saratani pia. Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya kuingiza BCG ndani ya kibofu cha mkojo. Kinga huwavamia bakteria hao, na seli za saratani zikashambuliwa pamoja nao. Mpaka leo ni tiba kuu ya saratani ya kibofu iliyo hatarini kurudi lakini haijafika kwenye misuli: mara moja kwa wiki, wiki sita, mgonjwa akibana mkojo kama saa mbili.

Antibiotiki zikitumiwa wakati huo zaweza kuwaua bakteria wa tiba.

Basi kazi yote ni kumfikisha bakteria mahali pake angali hai. Ndiyo maana muuguzi huificha chupa mbali na jua, na baada ya saa sita humwaga kilichobaki. Mama, ukifika kliniki, usimharakishe.